Makoti Mia Sita ya Milimani

Katika kiwanda chetu cha kushona kila mtu ana sehemu yake ya nguo. Mmoja anakata, mwingine anaunga mikono, mwingine anatia bitana, mwingine kola. Mimi ni wa matundu ya vifungo. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, ndiyo maana wananiita Bibi Matundu, na mgeni akilisikia jina hilo kwanza hunitazama gauni.

Aliyenifundisha kazi alisema tundu zuri ni lile linalokibana kifungo. Kiingie kwa kusitasita, na kikishaingia kisitoke mpaka mwenye nguo aamue. Tundu lililolegea ni la mtu mvivu. Nimeyashika maneno hayo tangu nikiwa na nywele nyeusi.

Mwaka huu tulipata oda ya jeshi, makoti mazito mia sita. Nchi yetu ina mkataba na nchi moja ya milimani, mbali huko ng'ambo ya bahari, kwamba mmoja akizidiwa mwenzake amwendee. Na wenzetu walikuwa wamezidiwa. Barabara zao za milimani, zinazopitisha chakula na dawa, zilikuwa zikishambuliwa, na askari wao hawakutosha kuzilinda zote. Basi kikosi chetu cha watu mia sita kingekwenda kukaa nao miezi sita, majira yote ya theluji. Katika hao mia sita, mmoja ni mjukuu wangu. Ni koplo, dereva wa lori, binti pekee wa binti yangu pekee.

Kiwandani habari hiyo ilizungumzwa kila siku, kwa sauti ya juu kushinda cherehani. Mpiga pasi wetu, kijana mwenye ulimi moto kuliko pasi yake, ndiye aliyekuwa akianzisha.

"Mimi nauliza tu," alisema siku moja. "Milima ni yao, theluji ni yao, maadui ni wao. Sisi tunaingilia wapi?"

"Mlangoni," alijibu Mama Rula bila kuinua macho. Huyo ndiye msimamizi wetu, na rula yake ya mbao haimtoki mkononi. "Wao walipokuja hapa mwaka wa mafuriko, kuna mtu aliwauliza wanaingilia wapi?"

"Sikuwa nimezaliwa."

"Basi waachie waliozaliwa waongee."

Watu walicheka. Mpiga pasi hakucheka. Aliigeuza pasi, akasema kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu yumo kwenye orodha, Mama Rula. Ndiyo maana nauliza."

Cherehani zikasimama kidogo. Mama Rula aliinuka, akaenda akamwekea mkono begani, akarudi kukaa. Tangu siku ile niliona jambo moja: kijana yule alikuwa akiyapiga pasi makoti mpaka upande wa ndani, hadi kwenye mishono ya kwapa, mahali ambapo hakuna ofisa atakayechungulia.

Sasa niseme la vifungo, maana ndilo lililotuletea kazi. Mchoro wa jeshi ulitaka vifungo vikubwa. Mama Rula alizunguka maduka yote ya vifaa vya ushonaji, akakosa. Alipowauliza watu wa ofisi ya jeshi wakamwambia aweke vinavyopatikana, mradi koti lifunge. Akaleta vidogo vyeusi, vya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, vinang'aa kama macho ya paka. Tulivipenda sote. Nikavitobolea matundu yake, sita kila koti, elfu tatu na mia sita kwa jumla, na kila moja linabana sawasawa. Nilimaliza wiki moja kabla ya lori kuja kuchukua mzigo. Nikajisifu kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Jumamosi mjukuu wangu akaja nyumbani kwa likizo ya siku mbili. Mimi na yeye tunaitana mke mwenza, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana, na marehemu babu yake tunamwita mume wetu. Nilimkuta kakaa sakafuni anapanga begi, soksi nene zimemzunguka kama vifaranga.

"Mke mwenza," nikamwambia, "hiyo baridi ya huko ikoje?"

"Wanasema ukitema mate yanafika chini yamekuwa jiwe."

"Basi usiteme. Nani alikufundisha kutema mate?"

"Mume wetu."

"Huyo alikuwa na mengi, lakini kutema mate hakuwa nako. Usimsingizie, kalala."

Alicheka, lakini mimi nilibaki na baridi yangu moyoni. Sijawahi kuona theluji. Mtu anayekwenda mahali pa joto naweza kumwazia, lakini huyu nilishindwa kumweka popote kichwani. Ndipo nikamkumbuka Mzee Barafu.

Mzee Barafu ni rafiki wa zamani wa mume wangu. Anatunza chumba cha baridi cha wauza nyama, nyuma ya soko, na anavaa sweta mwaka mzima hata jua likiwaka kama nini. Mama Rula alikuwa ameniruhusu nichukue koti moja nimwonyeshe mtoto, kwa sharti lirudi Jumatatu likiwa halina hata alama ya kidole. Nikalitia kwenye mfuko, nikamshika mjukuu mkono, tukaenda.

"Shemeji," nilimwambia Mzee Barafu, "nataka kuijua baridi."

"Kwa umri wako ungenitafutia swali la joto," alisema, lakini alishafungua mlango. Akavua sweta lake akanivisha mimi, na lingine chakavu akanifunga kichwani. "Dakika tano. Ukizidisha nakutundika na mbuzi."

Tuliingia. Jamani, baridi ile haikuja juu ya ngozi kama upepo. Iliingia puani ikakaa. Nyama zilikuwa zimening'inia kimya, na pumzi zetu zilitoka kama moshi wa kuni mbichi. Mjukuu wangu akavaa glavu zake za jeshi, nene, zimemfanya mikono kama mikate. Kisha akalivaa koti. Lilimkaa vizuri mno mpaka nikasahau baridi.

"Lifunge basi nikuone," nikasema.

Akashika kifungo cha kwanza. Kikamponyoka. Akashika tena, kikaponyoka. Akakiinamia kama mtu anayetafuta mwiba. Nilidhani ananifanyia mzaha.

"Acha utani, mke mwenza, meno yangu yanagongana."

"Sifanyi utani, Bibi. Sikihisi. Glavu ni nene."

"Vua glavu basi."

Akavua. Akafunga cha kwanza, cha pili, na kwa cha tatu vidole vilishakuwa vigumu, anavipuliza. Akasema taratibu, "Huko tumeambiwa glavu hazivuliwi nje, Bibi. Chuma cha lori kinanasa ngozi. Mtu akivua kidogo tu, vidole vinaweza kufa."

Mzee Barafu alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Alikuwa amevaa koti lake la kazini, akatuonyesha kifuani. Halikuwa na kifungo hata kimoja, lilikuwa na mikanda mipana ya kuvuta. "Mimi nilidhani mnajua," alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Tukatoka juani. Nikakaa juu ya kreti tupu, nikayafikiria matundu yangu elfu tatu na mia sita, kila moja linabana sawasawa. Sote kiwandani tulizaliwa kwenye joto. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa glavu zaidi ya zile za kufulia. Tulishona koti la baridi kwa mikono ya watu wa jua.

"Si neno, Bibi," mjukuu akasema, akichuchumaa mbele yangu. "Nitakuwa nalifunga ndani kabla sijatoka."

Nilimtazama. Alipokuwa na miaka minne viatu vyake vya shule vilimbana, na kwa kuwa alijua tumevipata kwa shida alisema si neno, atakunja vidole. Sauti ilikuwa ile ile.

"Na likifunguka njiani na upepo? Na wenzako mia tano tisini na tisa?"

Alinipapasa goti tu.

Nyumbani, binti yangu, yaani mama yake, alikuwa amerudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Tulipomweleza aliacha kalamu. Mjukuu, ili atuchangamshe, alizivaa tena zile glavu akaanza kufanya kazi za nyumbani nazo: akainua kikombe kwa viganja viwili kama dubu, akajaribu kumtekenya mama yake, akafungua pazia. Mama yake akacheka mpaka akafuta machozi, na sijui yalikuwa ya kicheko yote.

Mimi nilikuwa nimekodoa macho kwenye zile glavu. Mikono minene, inafanya mambo madogo. Niliwahi kuiona mahali. Nikainuka, nikaenda kwenye sanduku langu la bati.

Hadithi ya koti lililomo humo kila mtu nyumbani anaijua, ila sikuwahi kuifikiria kwa upande ule. Mwaka wa mafuriko maji yalinikuta na mimba ya miezi tisa. Tulipanda ghorofa ya juu ya shule, watu kama sabini, na binti yangu akazaliwa pale juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, mvua ikituingilia madirishani. Siku ya pili zikaja mashua za askari wageni, watu wa ile nchi ya milimani. Waliitwa kutoka kwao ghafla, hata nguo za kubadilisha hawakubeba. Mmoja alikuwa na ndevu nyekundu mpaka kifuani, akishika kamba za mashua kwa glavu nene zilizolowa. Hakujua neno hata moja la lugha yetu. Aliniona natetemeka na mtoto, akavua koti lake kubwa la kijani alilolivaa chini ya turubai lisilowe, akatuvika sote wawili, akatufunga kuanzia shingoni hadi chini. Kisha akavuta kamba ya mashua kutuvusha. Sikumwona tena. Hata jina lake sikulipata, namwita Ndevu katika dua zangu.

Koti lile lilikuwa blanketi la binti yangu, kisha la mjukuu wangu. Halina vifungo. Lina vijiti vinne vya mbao, kila kimoja urefu wa kidole, na upande wa pili vitanzi vinne vya kamba. Miaka yote nilidhani watu wa kule wanapenda tu vitu vikubwa.

"Alitufunga bila kuvua glavu," nikasema kwa sauti. "Ndevu. Zilikuwa zimelowa, zinachuruzika maji kifuani kwangu. Alitufunga nazo mkononi."

Mjukuu alikuja bado na glavu zake. Akachukua kijiti cha kwanza, akakipitisha kwenye kitanzi. Kikaingia. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Alifanya hivyo akinitazama usoni, mikono yenyewe haitazami.

Jumatatu nilifika kiwandani kabla ya kengele. Mama Rula alikuwa anakunja shuka juu ya maboksi yaliyokwishafungwa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Nikamaliza kwa kusema kosa ni langu, matundu ni yangu.

Aliigongagonga rula mezani muda mrefu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Matundu ni yako. Vifungo nilivinunua mimi. Usitake kubeba peke yako, mgongo wenyewe huna." Akavuta lile koti la kijani, akalipima vijiti kwa rula. "Lori linakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Hiki kitanzi kimeshonewa vipi kwa ndani?"

Nilikuwa nimeshamwomba binti yangu ruhusa, maana ndilo lililompokea duniani. Alisema, "Fumua, Mama." Basi nikakaa chini nikafumua kitanzi kimoja na kijiti kimoja, mshono baada ya mshono. Ndani nikaona kamba imekunjwa mara mbili na kushikiwa na kiraka cha ngozi kisichoonekana. Aliyelishona, popote alipo, alikuwa mtu makini. Nilimheshimu kama ninavyomheshimu mtu niliyefanya naye kazi meza moja.

Kikwazo kilikuwa Sajini wa ghala, mtu mnene, nadhifu, ambaye alikuja mchana kuhesabu maboksi. Alisikiliza, akafungua faili lake.

"Mama zangu," alisema, "nawaheshimu. Lakini mchoro unasema vifungo. Mimi nikipeleka vijiti, nitaulizwa vimetoka wapi. Kubadili mchoro kunataka barua, na barua inataka wiki tatu."

"Askari wanaondoka Jumapili," alisema Mama Rula.

"Ndiyo maana nasema vifungo."

Mpiga pasi akaweka pasi chini. "Sajini, wewe umewahi kuvaa hilo koti?"

"Kwa nini nivae? Mimi sisafiri."

Mama Rula alinitazama, nami nikamtazama. Akachukua koti moja kutoka boksi la juu, akamwambia Sajini kwa adabu sana kwamba kuna sehemu moja ya ukaguzi imebaki, si mbali, nyuma ya soko tu.

Mzee Barafu alitupokea kama watu wa harusi. Mjukuu wangu, ambaye likizo yake iliisha asubuhi ile, alikuwa ameniachia glavu zake mpaka siku ya safari. Sajini akaingia na koti mkononi na glavu zimemjaa, akiwa bado anazungumza habari za barua. Mlango ukafungwa nyuma yake. Sisi tulibaki nje kwenye kidirisha.

"Lifunge, Sajini!" Mama Rula alipaza sauti.

Tulimwona akijaribu. Akajaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto, akajaribu kukishika kifungo kwa meno. Mzee Barafu, mtu mbaya yule, akamwambia kupitia mlangoni, "Mlango huu, mheshimiwa, unafunguka koti likifunga!"

"Nitakushtaki!"

"Andika barua!"

Lakini Mzee Barafu alikuwa ameshaushika mpini wa mlango, hakumwacha hata dakika tatu. Sajini alitoka pua nyekundu. Alivua glavu, akajitazama vidole, akavikunja, akavikunjua. Alikaa juu ya kreti ile ile niliyokalia mimi.

"Nina kijana wangu alikwenda huko milimani na kikosi kilichotangulia," alisema. "Mwaka juzi. Aliporudi alikuwa na kidole kimoja hakihisi kitu. Nilimwuliza, akasema si neno."

Sikumwuliza zaidi. Nilimfuta umande uliomganda kwenye kope kwa ncha ya kanga yangu, naye hakukataa.

Akainuka mwenyewe. "Mchoro unasema koti lifunge. Hilo neno limo, nimelisoma mara mia. Halifungi. Basi narudisha mzigo kwenu urekebishwe, sahihi yangu ndiyo hii, na nikiulizwa nitamleta anayeuliza kwa huyu mzee." Mzee Barafu akainama kama mtu aliyetuzwa. "Kamba mtatoa wapi?"

"Ndilo swali," nikasema.

"Ghalani kwangu kuna kamba za viatu vya jeshi. Maboksi na maboksi. Buti zenyewe siku hizi zina zipu."

Na vijiti? Jirani wa kiwanda chetu ni fundi wa mifagio. Mpiga pasi alikwenda akarudi na mafagio mawili begani, akayaweka mezani mbele ya Mama Rula. Mpini wa fagio ukiukata vipande vya urefu wa kidole, ukatoboa katikati, unapata vijiti ishirini. Fundi wa mifagio alipoambiwa ni vya nini aliweka kando oda zake zote, akatukatia mipini mia moja na ishirini na kusugua kila kipande kwa msasa, kingo zote, ili zisikwaruze glavu. Hakuna aliyemwambia asugue.

Basi tulishona. Tulianza kila siku alfajiri na kuacha jua likizama, washonaji ishirini na wawili, vijiti elfu mbili na mia nne. Vifungo vyangu vya macho ya paka tuliviacha mahali pake, viwe urembo. Binti yangu alikuja baada ya vipindi, na walimu wenzake wawili, wakapewa kazi ya kukunja kamba. Mpiga pasi hakuwa na cha kupiga pasi kwa siku nne, akawa mpimaji wetu: alivaa glavu za mjukuu wangu kutwa nzima katika joto lile, akafunga na kufungua kila koti lililotoka mezani, jasho linamdondoka puani.

"Hili linakwama," angesema, na kumrudishia mtu. "Mdogo wangu ni mzito wa mikono. Akishindwa huyu nitawajua."

"Mbona makoti yote ni ya mdogo wako?" mmoja akamtania.

"Mpaka nijue lake ni lipi, yote ni yake."

Hakuuliza tena tunaingilia wapi. Sisemi alikuwa amepata jibu. Labda alikuwa na kazi tu. Mimi mwenyewe sijui mambo ya mikataba, nani alitia sahihi na kwa nini. Ninachojua ni koti moja, na mtu aliyelivua kwenye mvua.

Ijumaa asubuhi saa tatu yalibaki makoti thelathini na manne. Sajini alikuja mapema, akaona, akavua saa yake, akaomba sindano. Alishona vibaya, maskini, kama mtu anayefunga gunia, lakini vilishika. Saa nne kasoro kidogo tukasikia lori linarudi nyuma getini, linapiga honi mbili fupi na moja ndefu. Nikaijua honi ile. Huyo mtoto tangu akiendesha kigari cha makopo alikuwa analia hivyo kwa mdomo.

Aliruka chini na sare zake, kofia imenyooka. "Koplo wa usafirishaji," alimwambia Sajini, akampigia saluti. Kisha akaniona, saluti ikaharibika.

"Yamebaki mangapi, mke mwenza?"

"Manne."

"Nasubiri."

La mwisho kabisa niliweka lake. Kijiti cha juu, cha shingoni, sikukitoa kwenye fagio. Nilitia kile cha Ndevu nilichokifumua Jumatatu, cheusi kwa umri, laini kwa mikono ya watu watatu. Nikafunga uzi, nikaukata kwa meno kama nilivyokatazwa miaka yote.

Mpiga pasi alimvulia glavu zake akamrudishia, zimelowa jasho. Mjukuu akazivaa akikunja pua. Akavaa koti pale uani, jua la saa nne linatuchoma wote, akalifunga. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akafungua. Akafunga tena. Uso ulimjaa jasho, na alikuwa anacheka.

"Bibi, nakufa na joto."

"Vizuri," nikasema. "Ndivyo ninavyotaka."

Maboksi yalipakiwa, Sajini akatia sahihi, lori likatoka na honi zake tatu. Binti yangu alinishika mkono mpaka vumbi likatulia. Nyumbani tulilirudisha koti la kijani kwenye sanduku. Pale pengo lilipobaki binti yangu alishonea kijiti cha fagio, cheupe kati ya vitatu vyeusi, kama jino jipya la mtoto.

Ilipita wiki tano. Kisha mchana mmoja, tukiwa kiwandani tunashona sare za shule, simu yangu ikalia ujumbe wa sauti. Sijui kuifungua vizuri, Mama Rula akanifungulia, cherehani zote zikasimama. Kwanza tulisikia upepo, mkubwa, kama lori linapita bila kwisha. Kisha sauti yake ndani ya upepo.

"Mke mwenza! Niko nje. Sikiliza." Tukasikia mbao zinagusana na kamba, tak, tak, tak, tak. "Vyote vinne, na glavu mkononi! Sekunde kumi na moja! Wenyeji makoti yao mapya yana zipu, zinaganda, wanatutazama kwa wivu. Kuna mzee mmoja jikoni kwao ameshika kijiti changu cha juu akasema cha namna hii baba yake alikuwa akichonga. Mwambie mpiga pasi mdogo wake ametumia sekunde kumi na tatu. Tunakula vizuri. Msalimie mume wetu ukienda kumpalilia kaburi."

Watu wakapiga makofi. Mama Rula aliifuta simu kioo kwa kanga kwanza, kisha akanirudishia.

Mpiga pasi aliinua pasi yake, akaitemea mate kuona kama imepata moto.

"Kumi na tatu," alisema. "Nilijua tu. Huyo hata mbio za magunia alikuwa wa mwisho."

Kisha akaipeleka pasi juu ya shati la shule, taratibu, akaligeuza, akalipiga na upande wa ndani, mpaka kwenye mishono ya kwapa, huku anapiga mluzi.